Kliniki ya tiba lishe, kipimo cha kushika chuma na aleji ya binti yangu

Kipimo cha kushika chuma mkononi hakigundui aleji ya chakula. Naanza na hilo kwa sababu najua wengi watakaosoma hapa wana mtoto anayewashwa, wametumiwa tangazo la kliniki na jirani, na wanataka jibu kabla pesa haijatoka mkobani. Hii kliniki ina mazuri yake na nitayasema, lakini hilo ndilo kubwa.

Binti yangu ana miaka minne. Asubuhi anakunywa uji wa lishe, na kabla sijamaliza kumfunga viatu mabaka mekundu yameshamtoka shingoni na tumboni, mdomo wa juu umevimba, anajikuna mpaka analia. Mara nyingine anatapika. Baada ya saa mbili tatu yametulia. Siku nyingine anakunywa uji wa kopo lilelile, hapati kitu. Hospitali walinipa tarehe ya mbali ya kumwona daktari wa aleji. Wifi yangu alikuwa ameshapimwa mgongo pale kliniki akaridhika, akasema, "Wifi, wewe nenda tu, wale wanatumia njia za asili, hawamchomi mtoto sindano." Tukaenda.

Iko ghorofa ya pili, upande wa Kariakoo. Mapokezi ni ya heshima. Sakafu safi, maji ya kunywa yapo, mtoto akapewa kiti chake mwenyewe. Tabibu ni kijana mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu, akauliza hata habari za usingizi wa mtoto na choo chake. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali nyingi hapa Dar na ni nadra kusikilizwa hivyo. Nasema hili kwa uzito wake, maana ndilo linalowapeleka watu kule, na wenye hospitali wangelifikiria.

Kipimo ni shilingi 30,000. Tabibu aliingiza kwenye kompyuta jinsia ya mtoto, umri, urefu na uzito, kisha akampa mtoto kipande cha chuma chenye waya. "Mama, mwambie akibane, asikiachie." Kwa muda mfupi picha za moyo na ini zikawa zinazunguka kwenye skrini, kisha printa ikaanza kutema karatasi: ini, figo, mifupa, sumu mwilini, vitamini. Ukurasa wa aleji ulikuwa na safu tatu, jina la chakula, kiwango cha kawaida na kiwango chake. Vyenye rangi nyekundu vilikuwa maziwa, mayai, ngano, nyanya, nanasi, samaki, kuku wa kisasa. Karanga na korosho zilikuwa kijani.

Nikamwambia, "Kaka, samahani, naomba umpime tena, mkono ulikuwa na jasho." Akakubali bila kinyongo. Nikamfuta mtoto kiganja kwa kanga, akashika tena. Karatasi ya pili ikatoka: ngano na nyanya zimehamia kwenye kijani, mchele umeingia kwenye nyekundu. Ni mtoto yuleyule, kwenye kiti kilekile, na hajaweka kitu mdomoni. Nilipomwekea karatasi mbili mezani tabibu alisema mwili hubadilika. Ni kweli hubadilika, lakini kinga ya mwili haiachani na ngano na kuanza ugomvi na mchele ndani ya dakika chache.

Jambo lenyewe halihitaji digrii kulielewa. Mashine za namna hii hupitisha umeme kidogo kwenye ngozi, na kinachobadilika pale ni jasho na jinsi mtu alivyokibana chuma. Aleji ya chakula iko kwingine kabisa. Mwili huwa umetengeneza kingamwili, yaani askari wake, zinazoitwa IgE dhidi ya protini ya chakula fulani, na hizo hukaa juu ya seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta uvimbe na muwasho, kwenye ngozi, puani, kooni, tumboni. Protini ile ikifika, seli zinamwaga histamini, na ndiyo maana mtoto anavimba ndani ya dakika chache. Hakuna njia ya kuiona IgE ya korosho kwa kushika chuma.

Kilichonisikitisha zaidi ni kifurushi. Shilingi 280,000 kwa miezi mitatu: unga wa mlonge, mafuta ya habbasoda, na chai ya kusafisha damu. Nikaiomba ile pakiti ya chai nisome vilivyomo. Mbele kuna picha ya majani, nyuma kuna namna ya kuchemsha, orodha ya vilivyomo hakuna. Mtoto ana aleji ya kitu ambacho bado hakijajulikana, halafu anyweshwe mchanganyiko usiojulikana! Mwenye kuuza dawa kwa watu wa aleji hapaswi kuweka mezani kitu kisichoandikwa kilichomo. Nilinunua habbasoda tu, kwa matumizi ya jikoni, nikaaga.

Na ile orodha nyekundu nayo isichukuliwe kirahisi. Mtoto wa miaka minne ukimwondolea maziwa, mayai, samaki na kuku kwa karatasi moja, anabaki na nini? Ugali, mchicha na maharage. Mtaalamu wa lishe niliyekutana naye baadaye hospitalini aliniambia anawaona watoto wa namna hiyo, wamedumaa kwa orodha za kwenye karatasi, wala si kwa aleji. Vivyo hivyo kwa vile vipimo vya damu vinavyouzwa kama vya vyakula mia na zaidi, vinavyoangalia IgG, kingamwili ya aina nyingine. IgG huonyesha kwamba mwili umekutana na chakula hicho, yaani umewahi kukila. Madaktari wa aleji wa Ulaya walitoa msimamo wao tangu 2008 kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta aleji ya chakula.

Basi, njia ya asili iliyotufikisha haikuuzwa na mtu. Ilikuwa daftari dogo na kalamu jikoni. Niliandika saa aliyokula, alichokula na kila kilichomo ndani yake, saa aliyoanza kuwashwa, kilichotokea, saa kilipokwisha, na kama siku hiyo alikuwa na mafua au alikimbiakimbia, kwa sababu mafua na kukimbia vinaweza kuifanya aleji iwe kali kuliko siku nyingine.

Hapo ndipo uji wa lishe ulipojifunua. Sisi akina mama tunaupenda unga huu na tunausifia kadiri ulivyochanganywa vingi: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, wengine ngano, wengine ufuta, wengine dagaa. Kwa mtoto asiye na shida ni chakula kizuri. Kwa kutafuta aleji ni mtihani, kwa maana kijiko kimoja kina vitu sita na saba, na mama ukiulizwa alikula nini unajibu "uji". Nyumbani kwangu unga ulikuwa wa aina mbili na wote ulimiminwa kwenye kopo moja la plastiki lenye mfuniko wa bluu. Mmoja nanunua kwa mama mwenye mashine ya kusaga mtaani kwetu. Mwingine huletwa na basi kutoka Newala, kwa mama mkwe, na ule wa Newala una korosho. Daftari likaonyesha waziwazi: kopo likiwa na unga wa Newala, mabaka yanatoka kabla ya nusu saa. Likiwa na unga wa mtaani, kimya.

Isipokuwa asubuhi moja. Unga wa mtaani, mabaka machache shingoni. Nikaenda mpaka mashineni. "Dada, siku ile uliponisagia mimi, kabla yangu ulisaga nini?" Akafikiri, akasema kuna mteja wake wa kashata alileta korosho akamsagia. Mashine ikapigwa brashi, ukaingia unga wetu. Ningekuwa na ile karatasi ya kliniki peke yake, yenye korosho kwa kijani, ningehangaika na nyanya na mayai mpaka leo.

Daftari lilinisaidia pia kutomnyima karanga. Zipo kwenye unga wa mtaani, amezila karibu kila siku na hazimfanyi kitu. Watu huzitaja karanga na korosho kwa pumzi moja, lakini karanga ni jamii ya kunde na maharage, na korosho ni jamii moja na embe na pistachio. Maembe anakula bila shida. Pistachio ndiyo tunayoiogopa, kwa kuwa mwenye aleji ya korosho mara nyingi humpata na hiyo, na huku kwetu hujificha kwenye halua na aiskrimu.

Neno la tahadhari kwa wanaopenda njia ya kuondoa chakula na kukirudisha. Kwa matatizo ya polepole, kama tumbo kujaa au ukurutu unaokuja na kuondoka, mtaalamu hukuondolea chakula kimoja wiki mbili mpaka nne, kisha mnakirudisha na kuangalia. Kwa mtoto anayevimba midomo ndani ya dakika chache, kukirudisha nyumbani ni hatari, kinarudishwa hospitalini penye dawa na watu wa kumwangalia. Daktari alinikazia hilo na mimi nawakazia.

Tarehe ya hospitali ilipofika, swali la kwanza la daktari lilinivutia: "Nani mwingine alikula, na wangapi walipata shida?" Alieleza kwamba watu wengi wanaosema wana aleji ya samaki walikula jodari au vibua waliokaa juani. Samaki hao wakikaa bila barafu hutengeneza histamini humo humo kwenye nyama, na kupika hakuiondoi, kwa hiyo wote mezani wanaweza kuiva uso na kuumwa kichwa. Tatizo hapo ni kukosa barafu, hawana aleji. Nilimkumbuka jirani yangu aliyeacha samaki kabisa baada ya mlo mmoja wa samaki wa soko la Feri ambao nyumba nzima iliumwa. Nimemwambia, ameenda kuuliza. Na wazee wetu wanaojaa gesi kwa maziwa fresh lakini mtindi wanakunywa vizuri, hao nao sukari ya maziwa ndiyo inayowashinda, kinga yao haijakataa kitu.

Kipimo chenyewe cha ngozi ndicho nilichokiogopa kwa maneno ya wifi, kwamba wanachoma. Nesi alichora mistari kwa kalamu kwenye mkono wa binti yangu, upande wa ndani, akaandika herufi ndogo pembeni. Tulikuwa tumeambiwa twende na vyakula vyetu: korosho mbichi iliyobanguliwa, karanga, ufuta, na yai. Alidunga korosho kwa kisindano kidogo, kisha kisindano kilekile akakidunga juujuu kwenye ngozi, chakula kwa chakula, kila kimoja na kisindano chake. Akaweka pia tone la histamini, ambalo lazima livimbe, na tone la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba. Damu haikutoka. Mtoto alilalamikia kukatazwa kujikuna kuliko kudungwa. Baada ya dakika 15 karanga, ufuta na yai palikuwa kama penye maji ya chumvi. Penye korosho palikuwa na uvimbe mweupe wenye kingo zilizotambaa, mkubwa kuliko wa histamini. Nesi akaweka rula: milimita 9. Wanahesabu kwamba mwili umejibu kuanzia milimita 3 zaidi ya maji ya chumvi.

Daktari aliongeza kitu ambacho wauza vipimo hawakisemi: hata kipimo hiki peke yake hakitoshi. Mtu anaweza kuvimba mkononi na chakula akakila salama. Yeye alikichukua kipimo na daftari langu kwa pamoja, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, ndipo akaandika korosho.

Sehemu ngumu ilikuwa kumpigia simu mama mkwe. Korosho ndiyo fahari yake, ndiyo iliyomsomesha mume wangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mjukuu wangu hajambo? Unga umefika?" Nikamweleza taratibu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Labda mnampa isiyoiva. Korosho mbichi inachoma, mwanangu, sisi inatubabua mikono tangu utotoni. Zikaange vizuri." Anachokisema kipo: ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na moto ndio unaoyaondoa. Lakini kinachomdhuru mtoto ni protini iliyo ndani ya kiini chenyewe, na hiyo haiondoki kwa kukaangwa. Nilimweleza hivyo kwa heshima, nikamwomba unga wa mjukuu ausage bila korosho, kwenye kinu alichokiosha. Sasa anautuma kwenye mfuko wake, ameufunga kitambaa chekundu ili usichanganyike. Nampenda sana kwa hilo.

Je, dawa za asili zina nafasi? Nimeuliza kwa nia njema, kwa sababu nimekulia Tanga kwa bibi aliyejua majani yake. Mlonge ni mboga nzuri. Habbasoda imechunguzwa kidogo kwa mafua ya aleji, ya kupiga chafya, na mimi naitia kwenye mkate. Asali asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Kwa aleji ya chakula, dawa ya mitishamba iliyojaribiwa kwa haki niliyoisoma ni ya Kichina, iliyofanyiwa kazi New York. Kwa panya ilifanya vizuri sana. Ilipojaribiwa kwa watu, matokeo yakatoka 2015, haikufanya vizuri kuliko dawa ya mfano isiyo na kitu ndani, waliyopewa wengine ili kulinganisha. Hao walipima na wakasema ukweli wao. Kliniki yetu ingefanya nusu ya hayo ningewapa nyota zaidi. Tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria namba 23 ya 2002, na ni haki yako kuomba kuona usajili wa tabibu, ila usajili wake hauigeuzi mashine ikapima isichoweza.

Maisha yetu ya sasa ni kuepuka, basi, na kuepuka nako ni kazi ya mikono. Pilau na biriani za watu nauliza kabla ya kumpakulia. Kashata, halua, biskuti za kupima, hapana. Mahindi na ulezi nasagisha asubuhi na mapema mama wa mashine anapofungua. Shuleni nimempa mwalimu barua ya daktari na picha ya korosho, na watoto wenzake wamefundishwa kutobadilishana vitafunwa.

Na ndani ya mfuko wake kuna kichupa cha adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali, ya miligramu 1 kwa mililita, sindano, na karatasi yenye dozi yake, mililita 0.15 kwa kilo zake 15, ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Zile kalamu za adrenalini za kujichoma ni shida kupatikana hapa, kwa hiyo nesi alitufundisha mimi, baba yake na dada wa nyumbani kwa maji ya chumvi na chungwa. Kifua kikibana, sauti ikibadilika au akilegea, tunachoma kwanza, tunamlaza, miguu juu, akihema kwa shida anakaa, ndipo tunakimbilia hospitali. Setrizini, dawa ya kawaida ya aleji, inatuliza muwasho tu. Chai ya kusafisha damu haina kazi saa hiyo.

Kwa mwenye mtoto mchanga: msiogope karanga kwa sababu ya habari hizi. Utafiti wa London uliotoka 2015, wa watoto wachanga 640 wenye hatari kubwa ya aleji, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipata aleji ya karanga wachache sana kuliko walionyimwa mpaka miaka mitano. Uji wetu wa karanga ulikuwa sahihi miaka yote. Zisagwe laini tu, nzimanzima humkaba mtoto, na mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Kliniki naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya yule kijana kusikiliza. Kipimo cha ngozi nakipa nne, nimepunguza moja kwa foleni na kwa bei, ambayo bima yetu haikuilipa. Mkienda kupimwa, dawa za aleji zisitishwe kama wiki nzima kabla kwa maelekezo ya daktari, la sivyo hata histamini haitavimba na mtarudishwa. Vaeni nguo ya mikono mifupi. Bebeni vyakula vibichi kila kimoja kwenye mfuko wake, pakiti ya kila mnachokihisi, picha za mabaka mlizopiga siku yalipotoka, na daftari.